Koti la manyoya la Polandi, mtumba wa soko la Kongowea, nalipatia nyota 4 kati ya 5

Najua swali la kwanza ni koti la manyoya la nini hapa Mombasa na hili joto la kaskazi, feni yenyewe inapuliza moto. Jibu ni Mlima Kenya. Kikundi chetu kilikuwa kinapanda kilele cha Lenana, mita 4,985, kwa njia ya Sirimon, na usiku kule kambi ya Shiptons maji ya chupa yanaganda, ukienda na sweta la shule utalia. Makoti mapya ya aina hii nimeulizia, bei ni ya pikipiki kuukuu, basi nikashuka Kongowea.

Kuna mama pale anauza nguo za baridi tu, wateja wake mabaharia na vijana waliopata kazi nje. Akaniambia 3,500. Mama punguza, hapa Mombasa hili utamuuzia nani? Akacheka, "mwanangu hii ni kamera hii, fagia ziko pale chini, kachague huko." Kamera ni mtumba wa daraja la juu, fagia ni yale mabaki ya bei ya chini. Tukavutana wee mpaka 1,800 na kofia ya sufu juu.

Koti lenyewe rangi ya chungwa iliyopauka, lebo ya ndani inasema limetengenezwa Polandi, ndani ni manyoya laini ya bata bukini 90%. Mkinunua haya msiangalie rangi. Likamate ufumbate mkononi uachie, likifura lenyewe haraka bado lina uhai, likibaki limesinyaa achana nalo. Halafu liinue kwenye mwanga upapase kila chumba cha mshono, ukisikia madonge ujue lilifuliwa vibaya. Hili lilikuwa safi, ila kiwiko cha kushoto kina kiraka cha mkono, mishono midogo midogo ya uzi wa buluu.

Hiyo lebo ndiyo iliyonifanya nisiliachie, kwa sababu ukifuatilia mambo ya milima mirefu hawa Wapolandi huwezi kuwaruka. Ile milima 14 inayopita mita 8,000 yote ilishapandwa na wenzao kati ya 1950 na 1964, wao huko kwao chini ya wakomunisti kupata pasipoti shughuli, pesa yao nje hakuna anayeitaka. Kuja kuanza kutoka wanakuta kila kilele kina mwenyewe. Wakasema basi, sisi tutapanda msimu wa baridi wakati nyinyi mmejifunika mablanketi. Mzee wao Andrzej Zawada ndiye aliyelishikilia hilo jambo, na tarehe 17 Februari 1980 vijana wake wawili, Krzysztof Wielicki na Leszek Cichy, wakasimama juu ya Everest kwenye baridi ile ile, hakuna aliyewahi kabla yao. Katika ile 14, 10 ilipandwa kwa mara ya kwanza msimu wa baridi na timu zenye Wapolandi. Huyo Wielicki alimaliza Lhotse, jirani wa Everest na mmoja wa ile 14, peke yake, 31 Desemba 1988, amevaa mkanda wa kushikilia mgongo kwa sababu alikuwa ameumia uti, na mimi nikiamka na kiuno sitaki hata kupanda ngazi za Likoni ferry.

Na pesa walitoa wapi? Walikuwa wananing'inia kwa kamba wanapaka rangi dohani ndefu za viwanda, kule upande wa Katowice, malipo yote yanaenda kwenye safari. Vifaa vingi walishona wenyewe kwa sababu madukani hakuna kitu. Jerzy Kukuczka, aliyekuwa wa pili duniani kumaliza zote 14 mwaka 1987 baada ya Reinhold Messner, alitokea kwenye maisha hayo hayo. Ndio maana kile kiraka hakikunisumbua, aliyekishona alijua anachofanya.

Kabla ya safari nililijaribu. Shemeji yangu yuko kwa kampuni moja ya samaki, akaniingiza kwenye chumba cha kugandishia, geji inasoma 18 chini ya sifuri, wapakizi wananicheka nimesimama kati ya makreti ya jodari kama bwana harusi. Kifua na mgongo joto safi kabisa, miguu ndiyo ilianza kulalamika, lakini hiyo si kazi ya koti. Mlimani nalo halikuniangusha, hata ile alfajiri ya kileleni na upepo wake.

Nyota moja nimeikata kwa zipu, inang'ata kitambaa pale karibu na kidevu, ukiwa na glavu utatukana. Na manyoya yanachomoka kidogo kidogo kwenye mishono ya bega, shati lako jeusi litaonekana umetoka kuchinja kuku.

Sasa hili nisikilizeni. Mama alikuwa pia na kamba ya kupandia, imekunjwa vizuri, bei ya kutupa, akataka kunifungia pamoja. Nikakataa. Kukuczka huyo huyo, 24 Oktoba 1989, ukuta wa kusini wa Lhotse, kwenye mita 8,200 hivi, alianguka akiwa kwenye kamba nyembamba ya milimita 6, inasemekana ya mtumba kutoka soko la Kathmandu, ikakatika. Koti la mtumba likikuangusha utatetemeka ushuke, kamba huijui imekaa jua gani, imemwagikiwa nini, na kwa macho huwezi kuona. Lenana ni kutembea tu haina haja ya kamba, lakini nyinyi wa Batian na Nelion, vile vilele vya kupanda kwa kamba, nunueni mpya, hata kwa mkopo.

Kulitunza hapa Pwani: usilifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wetu huu litanuka ukungu na manyoya yatashikana. Litundike penye hewa, kivulini. Kufua ni sabuni laini kidogo, suuza sana, usilikamue, na likikauka ulipigepige kila siku mpaka lifure. Na Kongowea nendeni asubuhi belo zikifunguliwa, mchana mabaharia wameshabeba yote mazuri.