ScotlandsPeople kwa anayemtafuta ndugu aliyepigana katika rejimenti ya Kiskoti

Anayeingia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo vya Uskoti, akitarajia kukuta jalada la jeshi la babu yake atatoka mikono mitupu, maana majalada ya jeshi hayamo. Pamoja na hayo, kwa mtu aliyehudumu katika rejimenti ya Kiskoti, hiyo ndiyo huduma ya kulipia kwanza: kabla ya Ancestry na Findmypast, tovuti za kibiashara za kutafuta nasaba, na kabla ya kuwaandikia watu wa makumbusho. Sababu ni majina.

Rejimenti za Nyanda za Juu za Uskoti ziliandikisha watu kwa maeneo. Katika Seaforth Highlanders, batalioni ya 4 ilikuwa ya Ross-shire, ya 5 ya Sutherland na Caithness, ya 6 ya Moray. Koo za huko ni chache, na majina ya kubatizwa ni machache zaidi, kwa kuwa desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana akina John Mackenzie na Donald MacLeod wamejaa kwenye orodha, wengine katika kombania moja. Mwenye jina na rejimenti peke yake bado hajamjua mtu wake, na familia nyingi zimetunza kwa miaka kumbukumbu za mtu wa watu wengine.

Vyeti vya Uskoti ndivyo vinavyotenganisha watu hawa, na kwa kazi hii ni bora kuliko vya Uingereza. Usajili wa serikali ulianza 1855. Cheti cha kuzaliwa kinataja baba, mama pamoja na jina la ukoo wake kabla ya kuolewa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo pia tarehe na mahali wazazi walipofunga ndoa. Cheti cha kifo nacho kinataja wazazi wote wawili wa marehemu. Cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili, na kama ndoa ilifungwa wakati wa vita, kitazame kwa makini kwenye safu ya kazi ya bwana harusi: mara nyingi karani aliandika cheo na rejimenti, kisha kazi ya uraiani kwenye mabano, mkulima au mvuvi au mchimba makaa. Mstari huo mmoja umemaliza mabishano mengi ya kifamilia.

Malipo ni kwa krediti. Kifurushi kidogo ni krediti 30 kwa pauni 7.50. Kutafuta kwenye faharasa ni bure ukishafungua akaunti. Unalipa unapofungua picha ya ukurasa. Cheti cha kuzaliwa ni krediti 6, cha ndoa 6, cha kifo 6, na wosia 10. Jumla ni 28. Kwa hiyo kifurushi kimoja kinatosha kumaliza askari mmoja, ikiwa hukufungua picha kwa kubahatisha. Hapo ndipo fedha nyingi hupotelea: mtu anaona John Mackenzie watano, anafungua wote. Chuja kwanza kwa wilaya ya usajili na kwa umri, na kwenye vifo tumia kisanduku cha jina la mama, kwa miaka ambayo faharasa inalo. Mac na Mc ni balaa jingine. Usitafute kwa tahajia moja. Weka M*kenzie, kwa kuwa nyota inasimama badala ya herufi zozote, chache au nyingi, na alama ya kuuliza badala ya herufi moja.

Picha za karibuni hazifunguki: za kuzaliwa mpaka ipite miaka 100, za ndoa 75, za kifo 50. Faharasa utaiona, lakini cheti chenyewe itabidi uagize nakala rasmi, na bei yake ni kubwa zaidi.

Hazina hasa ya huduma hii ni wosia za askari. Zipo zaidi ya 30,000, nyingi ni za Vita Kuu ya Kwanza, na Ancestry haina kitu cha namna hii kwa Waskoti. Askari aliagizwa kujaza ukurasa wa wosia katika daftari lake dogo la mshahara, lile alilolibeba mfukoni. Aliyekufa, ukurasa ule ulikatwa ukapelekwa kwa makarani. Unachokiona kwenye skrini ni kijikaratasi kimoja kilichoandikwa kwa mkono: nikifa, mali yangu yote na vitu vyangu nampa mama yangu, kisha jina la mama, namba ya nyumba, mtaa au kijiji. Chini yake sahihi, cheo, namba ya jeshi, rejimenti na tarehe. Karibu kila unachohitaji kimo. Anwani unailinganisha na sensa ya 1911, ambayo nayo imo humohumo, na namba unaondoka nayo kwenda kwingine. Wengine hawakujaza ukurasa. Barua waliyoiandika nyumbani ndiyo iliyokubaliwa kuwa wosia, na hizo husomwa polepole. Kumbuka lakini kwamba wosia zilizomo ni za waliokufa, tena waliohesabiwa kuwa wakazi wa Uskoti. Aliyerudi salama hayumo.

Zipo pia rejista za vifo vya vitani, za Vita vya Makaburu 1899–1902, Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Nazipa alama ndogo. Za Vita Kuu ya Kwanza zina namba, cheo, jina, umri na tarehe, lakini mahali pa kifo mara nyingi ni neno moja tu, Ufaransa, na wazazi hawatajwi. Za Vita vya Pili hazikukamilika. Kabla ya kutoa krediti 6, angalia tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ambayo ni bure, inatoa namba hiyohiyo, batalioni na kaburi au mnara, na kwa wengi inataja wazazi na anwani yao. Tume hiyo inahesabu vifo vya kuanzia tarehe 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Orodha ya Scottish National War Memorial, mnara uliomo ndani ya ngome ya Edinburgh, nayo ni bure.

Ukishapata namba, kazi ya ScotlandsPeople imekwisha. Kuanzia hapo unaingia kwenye nyaraka za London. Kadi ya medali, mfululizo WO 372 (WO ni War Office, wizara ya vita ya zamani), inapatikana The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa huko Kew, London, lakini picha yao ni ya rangi nyeusi na nyeupe na ya upande wa mbele tu. Ancestry wanayo ya rangi, pande zote mbili, na nyuma wakati mwingine ndiko kulikoandikwa anwani. Jalada lenyewe la utumishi, WO 363, ni suala la bahati. Septemba 1940 bomu la Wajerumani liliteketeza ghala la Arnside Street, London, na takriban asilimia 60 ya majalada ya askari wa kawaida wa 1914–1918 ikaungua. Yaliyobaki yana kingo nyeusi na madoa ya maji ya wazima moto. Kukosa jalada hakumaanishi kwamba mtu hakuhudumu, na huduma yoyote inayokutoza ada ya kulitafuta bila kukwambia habari hii haikutendei haki.

Namba yenyewe inasomeka, na hapa ndipo wengi hupitwa. Kabla ya 1917 kila batalioni ya Territorial, yaani ya askari wa muda, ilikuwa na mfululizo wake wa namba fupi, hivyo watu wawili au watatu wa rejimenti moja waliweza kuwa na namba ile ile. Mwanzoni mwa 1917 wakapewa namba za tarakimu 6: batalioni ya kwanza ya Territorial katika rejimenti ikaanzia 200001, iliyofuata 240001. Kwa Seaforth, basi, namba inayoanza na 200 au 201 ni ya batalioni ya 4, na ya 240 ni ya batalioni ya 5. Herufi S na mkwaju (S/) mbele ya namba, katika rejimenti za Nyanda za Juu, ni alama ya walioingia kwa ajili ya vita katika jeshi jipya la Kitchener, waziri wa vita. 3 na mkwaju (3/) ni akiba maalumu. Mwaka 1920 mfumo ukabadilika tena na kila rejimenti ikapewa fungu la namba za tarakimu 7: Black Watch kuanzia 2744001, Seaforth 2809001, Gordon Highlanders 2865001, Cameron Highlanders 2921001. Mtu aliihifadhi namba hiyo hata akihamishwa. Kwa hiyo ukiona aliyekufa Italia 1944 akiwa rejimenti nyingine kabisa, na namba yake inaanza na 2815, ujue alianzia Seaforth.

Picha ya ukutani nyumbani isikupotoshe. Seaforth na Gordon wote wana kichwa cha kulungu kwenye beji ya kofia. Cha Gordon kimezungushiwa majani na chini kuna neno Bydand. Cha Seaforth hakina majani, na utepe wake una maneno ya Kigaeli Cuidich 'n Righ. Kilti mara nyingi imefunikwa na kitambaa cha kaki, hivyo nakshi zake hazionekani. Na hata beji ikisomeka, picha nyingi zilipigwa mafunzoni, kabla mtu hajahamishiwa kwingine.

Shajara za vita za batalioni, WO 95, zinastahili fedha yake kuliko vitabu vingi. Zitafute kwa divisheni na brigedi, maana ndivyo zilivyopangwa, na batalioni iliyohamishwa divisheni shajara yake imekatwa vipande viwili au vitatu katika mafaili tofauti. Tofautisha pia 1/4 na 2/4, yaani batalioni ya 4 iliyogawanywa mbili: ya kwanza ndiyo iliyokwenda vitani, ya pili ilibaki kuandaa watu. Usitarajie jina la askari wa kawaida. Maafisa hutajwa, wengine ni hesabu tu, waliokufa wangapi, waliojeruhiwa wangapi. Unachopata ni mahali alipokuwa siku ile, saa ile. Kisha fungua ramani za mahandaki za maktaba ya taifa ya Uskoti, National Library of Scotland, bure kabisa, uone mstari wenyewe.

Kwa Vita vya Pili njia ni nyingine. Majalada, karibu milioni 10, yalianza kuhamishwa 2022 kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew. Jalada la mtu ambaye haijapita miaka 115 tangu azaliwe hubaki limefungwa mpaka uoneshe kwamba amefariki, na hapo cheti cha kifo cha ScotlandsPeople kinakuwa na kazi ya pili. Jibu huchukua muda. Peleka ombi mapema, likiwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba. Kama mtu wako alikuwa batalioni ya 2 au ya 4 ya Seaforth au ya 4 ya Cameron mwaka 1940, anza na orodha za mateka, WO 392, kwa kuwa sehemu kubwa ya Divisheni ya 51, ambamo batalioni hizo zilikuwa, ilijisalimisha Saint-Valery-en-Caux, Ufaransa, tarehe 12 Juni 1940. Orodha zinatoa kambi na namba ya mateka.

Msomaji wa Afrika Mashariki mwenye babu Mskoti aangalie jambo moja. Maafisa wengi wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliazimwa kutoka rejimenti za nyumbani, na jeshi liliendelea kuwahesabu huko. Ukimtafuta chini ya KAR peke yake utamkosa; kwenye kumbukumbu za makaburi anaweza kuwa ameandikwa Seaforth Highlanders, aliyeambatanishwa na KAR. Orodha za maafisa za jeshi zimewekwa na maktaba ile ile ya Uskoti, bure. Aliyefika Kenya na batalioni ya kwanza ya Black Watch, 1953 hadi 1955, anafuatwa kupitia jalada la utumishi kwa utaratibu ule wa Vita vya Pili. Kwa askari Waafrika wa KAR, ScotlandsPeople haina msaada wowote, na asitokee mtu akakuuzia matumaini hayo.

Makumbusho ya rejimenti (Fort George karibu na Inverness kwa Seaforth na Cameron, Balhousie Castle mjini Perth kwa Black Watch, Stirling Castle kwa Argyll and Sutherland Highlanders, Viewfield Road mjini Aberdeen kwa Gordon) hayatunzi majalada ya utumishi. Wana picha za makundi, magazeti ya rejimenti na madaftari. Waandikie mwishoni, ukiwa na namba na batalioni mkononi. Barua yenye jina tupu inawapa kazi ya siku nzima na wewe unapata jibu la mistari miwili.

Krediti zina muda wa miaka 2, lakini picha ulizozilipia zinabaki kwenye akaunti yako. Zipakue hata hivyo, na kila faili uipe jina kwa mwaka, wilaya na namba ya usajili, ili ndugu yako wa Toronto au Mombasa asije akalipa tena krediti 6 kwa cheti ambacho tayari unacho.