Bingsu: nilicheka maharage ya sukari, sasa ndo naagiza hayo hayo

Niko Busan, Korea Kusini, mwaka wa pili huu na kila ikifika Julai watu wa nyumbani wanaona status zangu wanauliza hiyo milima ya theluji unayokula kila siku ni kitu gani na je hela inarudi. Haya leo nimekaa naandika yote, maana nimekula nyingi aisee, posho ya kiangazi kizima imeyeyukia huko.

Jina kwanza. Bing ni barafu, su ni maji. Ni barafu inayokunwa, na nasema inakunwa kweli kama nazi kwenye mbuzi, halafu juu wanapanga mazagazaga. Ukisikia patbingsu basi hiyo pat ni maharage madogo mekundu yaliyochemshwa na sukari mpaka yanapondeka mdomoni, na hiyo ndo mama yao, hizi za maembe sijui za biskuti zimekuja juzi tu.

Sasa mimi siku ya kwanza nilipelekwa na wenzangu wa darasani, nikaona picha kwenye menyu nikasema hapana, maharage mi najua ya chumvi na kitunguu, nani amekosea huyu akayatia sukari na barafu. Nikacheka mpaka wakanishangaa. Nikaagiza ya embe. Hapo ndo nilipigwa. Kafee yenyewe iko karibu na ufukwe, jina siliweki, won 16,000 ambayo kwetu Tanzania ni kama shilingi elfu ishirini na nane, nikaletewa embe za kuganda zile za mfuko, ngumu ukiuma meno yanalia, zimepangwa vizuri juu tu kwa ajili ya picha, ukichimba chini unakuta barafu ya maji haina ladha haina chochote, yani nusu ya bakuli nilikuwa natafuna friza. Niliimaliza kwa hasira.

Baadaye ndo nikaelewa kwamba barafu zenyewe ziko za aina mbili na hiki ndo kitu cha kujua kabla hujatoa hela. Ya zamani ni bonge la barafu ya maji, linasagwa, linatoka chenga chenga. Hii mpya wanagandisha maziwa, ile mashine ina ngoma ya chuma yenye baridi kali, maziwa yanamiminika juu yake yanaganda pale pale na kisu kinakwangua, inatoka kama nyuzi laini au unga wa theluji, ukiweka kwenye ulimi haipo tena. Ukienda sehemu inayouza bei ya juu, uliza kama ni ya maziwa. Kama ni ya maji na bado wanataka won elfu kumi na kitu, geuka utoke.

Iliyonirudisha kwenye imani ni injeolmi bingsu ya Sulbing, hawa wana matawi kila kona na walianzia hapa hapa Busan mwaka 2013. Won elfu tisa hivi. Injeolmi ni keki ya mchele ule unaonata, unatwangwa mpaka unavutika, inakatwa vipande inaviringishwa kwenye unga wa soya iliyokaangwa, na unga huo huo wanamwaga juu ya barafu ya maziwa mpaka hauoni weupe, na lozi zilizokatwa nyembamba. Nilipoinamia bakuli, harufu ikanirudisha jikoni kwetu Morogoro, unga wa lishe jamani! Ile soya iliyokaangwa kwenye uji wa lishe, ndo hiyo hiyo. Nikajikuta nacheka peke yangu kijiko kikiwa mdomoni, unga ukaingia kooni, nikakohoa unga wote ukaruka mezani na kwenye sweta nyeusi ya dada mmoja Mkenya niliyekaa naye. Kwahiyo ushauri, ukila injeolmi usiongee wala usivute pumzi. Siku hizi huyo dada akinipigia simu ananiuliza umemeza au bado.

Halafu usikoroge. Wakorea wenyewe hawakubaliani kwenye hili, kuna wanaovuruga yote kama wanatafuta pete iliyopotea, mimi nakula kuanzia pembeni kuelekea katikati, nikiongeza maziwa mazito ya sukari kidogo kidogo. Ukikoroga ya maziwa ndani ya dakika tano una supu.

Nyingine nazipitia haraka. Ya stroberi nzuri msimu wake tu. Ya chai ya kijani ina uchungu kwa mbali, hiyo na maharage zinaelewana sana. Ya ufuta mweusi kwa macho ni kama simenti ila tamu, nairudia kila mara. Ya tikiti wanakata tikiti nusu wanajaza ndani, picha kali, ila tumbo linajaa maji. Ya Oreo ni ya watoto bana. Na kuna ile ya embe ya hoteli ya Shilla kule Seoul, embe za kisiwa cha Jeju, tangu 2024 bei imevuka won laki moja, yani kama laki na themanini za kwetu bakuli moja, na watu wanapanga foleni. Sijala na sina mpango, kwetu msimu wa maembe tunaokota. Kwa upande wa pili, kama uko peke yako, kafee za bei poa siku hizi zinauza ya kikombe, Mega Coffee waliitoa 2025 kwa won 4,400, haitishi lakini haikuachi na majuto, maana bakuli la kawaida ni la watu wawili au watatu na ukilimaliza mwenyewe paji la uso linapigwa na baridi unaona nyota.

Sasa nakuja kwenye yenyewe. Mtaa wa Yongho-dong kuna vibanda vinavyouza patbingsu ya kizamani, hakuna mapambo. Mama anayeuza wateja wote wanamwita imo, na imo maana yake mama mdogo, hilo tu lilinifanya nikae. Barafu inasagwa kwaru kwaru, inaingia kwenye bakuli, maziwa, maharage upawa mzima, na jemu ya tufaa juu. Basi. Barafu ya maji, chenga, ile ile niliyoitukana ufukweni, lakini hapa maharage yamepikwa na mtu anayejua, punje bado inaonekana ila ukiibonyeza inaachia, sukari haijafunika ladha ya maharage, na kwa mbali unaisikia chumvi. Chenga zinatakiwa ziwepo, maana maharage ni mazito, theluji ya maziwa ingelala chini yake. Nililipa pesa ambayo haifiki hata won 5,000. Imo akaona nakwangua chini ya bakuli akaja na upawa akaniongeza bila kuuliza. Baridi ikija wao wanageuza, wanauza uji wa maharage hayo hayo.

Mwezi uliopita tulienda Gyeongju tukaona Seokbinggo, ghala la barafu la mawe la mwaka 1738, kwa nje kama kichuguu cha nyasi, mlangoni kuna nondo unachungulia tu. Barafu ilikatwa wakati wa baridi ikahifadhiwa humo mpaka kiangazi, na enzi hizo ilikuwa ya wakubwa. Nimesimama pale na jasho linanitiririka nikawaza mimi juzi nimekula kwa buku sita tu.

Mengine madogo: sehemu nyingi unaagiza kwenye mashine mlangoni na unapewa kidude kinachotetemeka mezani ikiwa tayari, usishtuke. Kama maziwa yanakusumbua tumbo ile ya theluji iache kabisa, mimi nilijifanya jasiri nikajuta kwenye basi. Na kama huli nguruwe uliza kuhusu mashmelo na jeli, gelatini yake inaweza kuwa ya nguruwe.

Nimempigia mama kumwelekeza, nikamwambia maharage, sukari, barafu, maziwa. Akanyamaza kidogo nikajua sasa naambiwa nirudi nyumbani. Akasema, "Na nazi hawaweki?"

Jumamosi naenda Yongho-dong na kopo la tui kwenye begi.