Efteling na watoto wadogo: kiingilio kinalipa?

Haya wazazi wenzangu, karibuni. Leo nachambua Efteling, ile bustani kubwa ya burudani iliyoko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi. Naitazama kwa jicho la mzazi mwenye watoto wadogo, basi. Kama una kijana anayetaka kugeuzwa miguu juu kichwa chini, hii si video yake. Mimi nilikwenda na baba watoto, na wanetu wawili, mmoja ana miaka sita, mwingine mitatu, kwa hiyo nitawapa yanayowahusu wa umri huo.

Tuanze na pesa, maana ndilo swali mnaloniuliza kila mara. Bei ya tiketi inabadilika kwa siku: wikendi na likizo za shule inapanda, siku ya kazi ya kawaida inashuka. Nunua mtandaoni mapema na uchague siku yako. Mtoto ambaye hajatimiza miaka minne anaingia bure. Maegesho ya gari yanalipiwa peke yake, yawekeni kwenye hesabu kabla hamjatoka nyumbani. Wasio na gari, kuna basi kutoka stesheni ya Tilburg na ya 's-Hertogenbosch. Na chakula unaruhusiwa kuingia nacho! Sisi tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, tukatafuta benchi kwenye kivuli tukala kwa raha zetu. Mkiwa watu wanne au watano, hapo tu umeokoa hela ya maana.

Sasa nisikilizeni vizuri. Familia nyingi zikishavuka lango wanakimbilia zile treni za kupanda na kushuka kwa kasi. Na mtoto mdogo haruhusiwi kupanda! Python, iliyopo tangu 1981, inataka urefu wa sentimita 120. Joris en de Draak, ile ya mbao, inataka 110. Baron 1898 inataka 132. Hakuna kubembeleza, kipimo kipo mlangoni na mhudumu anakiheshimu, na anafanya vyema, kwa sababu chuma kile cha kukubana kimetengenezwa kwa mwili wa kimo hicho. Mpime mwanao ukutani nyumbani, umwambie mapema ipi atapanda na ipi bado. Mtoto aliyepanga foleni muda mrefu halafu akarudishwa, huo uchungu wake utakula mchana wenu wote. Ninyi wakubwa mkitaka kupanda, ulizeni utaratibu wa kubadilishana: mmoja anapanda, mwenzake anabaki na mtoto, halafu wa pili anaingia bila kuanza foleni upya.

Kwa watoto wetu, kiingilio kinalipwa na Sprookjesbos, msitu wa hadithi. Ndio moyo wa mahali pale. Ulifunguliwa 1952, umechorwa na msanii Anton Pieck, na mitambo ikabuniwa na Peter Reijnders. Ulianza na hadithi kumi, leo ziko karibu 30. Ni msitu wa kweli, miti mikubwa, njia nyembamba, na kila ukikata kona unakuta hadithi imejengwa. Kuna jitu linaitwa Langnek, shingo yake inapanda polepole juu ya miti, inageuka kutazama, halafu inashuka tena. Mdogo wangu alinishika gauni kwa mikono miwili, akachungulia, akajificha, akachungulia tena. Hatukuondoka hapo mpaka alipoamua mwenyewe kumpungia mkono.

Halafu kuna Holle Bolle Gijs. Huyu ni pipa la taka, ndugu zangu! Wapo tangu 1959: bonge la mtu lenye mdomo wazi, linapiga kelele "Papier hier!", yaani leteni karatasi hapa. Mtoto akisogeza karatasi mdomoni, upepo unaivuta, fyuu, imemezwa, na Gijs anashukuru. Wanangu waliokota kila karatasi iliyokuwa chini, za kwetu na za watu wengine, na walipoishiwa wakataka niwape leso za mkobani. Nimewahi kuona mabango mengi ya "usitupe taka", lakini sijaona lililofanya kazi kama mdomo ule. Yeyote anayejenga viwanja vya watoto kwetu Dar, Mombasa au Kampala, tafadhali liige hili.

Yupo pia punda wa hadithi ya ndugu wawili Grimm, wale Wajerumani waliokusanya hadithi za watoto. Unatumbukiza sarafu, na nyuma kwenye mkia inadondoka sarafu ya ukumbusho. Sihitaji kuwaeleza mtoto wa miaka sita alivyocheka.

Lugha: sauti za kule msituni ni Kiholanzi. Mtoto anayesoma shule Rotterdam au Antwerp hana shida. Mkija na wageni kutoka nyumbani, wasimulieni hadithi usiku kabla ya safari, kwa Kiswahili, wafike wanamtambua nani ni nani.

Michezo ya kukaa: Droomvlucht ya 1993 ni nzuri mno, vibehewa vinaning'inia na kupita polepole gizani kati ya majumba na viumbe vya usingizini, lakini mwishoni vinazunguka vikishuka kwa kasi kidogo, mshike mdogo wako mapema. Bembea la kuzunguka lenye farasi wa mbao, lililotengenezwa 1895, hilo mkae mpaka mchoke.

Na hili lazima niliseme. Kuanzia 1988 palikuwa na mchezo unaoitwa Monsieur Cannibale, watoto wanazungushwa ndani ya masufuria makubwa, na katikati ipo sanamu ya Mwafrika aliyechongwa kama mla watu. Ulidumu zaidi ya miaka 30. Watu walilalamika, ukaondolewa, na 2022 pakafunguliwa Sirocco, safari ya Sindbad baharia. Baadhi ya vinyago vya mchezo mwingine wa kukaa, Carnaval Festival, unaopita kati ya vinyago vya nchi mbalimbali, navyo vilirekebishwa. Walichelewa sana, lakini wamefanya, na mimi kama mama Mwafrika jambo hilo lina uzito kwangu. Mwanangu alizunguka na Sindbad anayemjua, bibi yake wa Tanga humsimulia kwenye simu. Hakuna mtoto wetu anayestahili kulipiwa tiketi akatazamane na sanamu inayomdhalilisha.

Mambo madogo ya kubeba: kigari hata kama mtoto wako anajua kutembea, maana eneo ni kubwa, koti la mvua, na programu yao kwenye simu inayoonyesha dakika za foleni kwa kila mchezo. Asubuhi nendeni msituni moja kwa moja, mchana watu wakijaa ndio mkae kula, jioni mmalizie na maonyesho ya maji ya Aquanura, kama mdogo bado yuko macho.

Na kama wa kwako anakaribia kufikisha miaka minne, kata tiketi za siku iliyo kabla ya siku yake ya kuzaliwa.