Picha moja kila siku Lamu: asubuhi au jioni?
Likizo hii ya kipupwe nimejiwekea kazi: picha moja kila siku, Juni hadi Agosti, kabla sijarudi chuoni. Nimejaribu nyakati mbili.

Asubuhi ndiyo niipendayo. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, upande wa kisiwa cha Manda. Jua likichomoza, kama saa 12 na dakika 20, mwanga unapiga moja kwa moja nyumba za mawe ya matumbawe zilizo mbele ya maji. Ukikaribia mlango wa nakshi, kila ua lililochongwa lina kivuli chake. Punda wanapita na mizigo, mabaharia wanaamkiana, nami nimejitanda shuka kwa ubaridi wa kusi. Adui ni wingu. Manyunyu yakija, unarudi na picha ya kijivu.

Jioni huna haja ya kukatiza usingizi, ila jua linatua nyuma ya mji na gati lote linaingia kivulini. Basi geukia maji: tanga la jahazi mkondoni bado limeshika mwanga. Ukienda ufukwe wa Shela, upepo unarusha mchanga, funika lenzi.

Mimi nimebaki na asubuhi. Jioni naiwekea siku ambazo kumepambazuka kwa mvua.