Nimelipia miezi 7 sehemu ya kukaa watoto baada ya shule huku Temboni, haya ndo niliyoyaona

Kwanza mjue hali yangu ndo mtaelewa kwa nini naisifia hii sehemu. Nauza vitambaa duka la mtu Kariakoo, tulikua tunafunga saa 11 jioni. Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 pale sokoni na bosi wetu nae hakutaka kubaki nyuma, sasa hivi siku nne kwa wiki natoka saa 2 usiku, na wateja wa Kongo wakiwa na mzigo wa kufungasha ndo kabisa. Hapo bado sijapanga foleni ya mwendokasi Gerezani mpaka Kimara Mwisho, nashuka natafuta daladala ya Temboni. Watoto wangu wawili, mkubwa yuko la 4, mdogo la 1 na anatoka shule saa 6 na nusu mchana. Pigeni hesabu hapo katikati mtoto yuko na nani.

Nlikua na binti wa kazi akaondoka baada ya miezi miwili. Nikamuomba jirani awe anawaangalia, nae ana genge lake hawezi kuwafuata nyuma, mkubwa akawa anashinda kibanda umiza. Siku moja nafika saa 3 usiku namkuta mdogo kalala barazani na yunifomu yake, viatu mguuni, begi ndo kaweka mto. Nilimbeba ndani nikakaa kitandani nalia na mkoba bado begani.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mama. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anawapokea nyumbani kwake, watoto 14 na msaidizi mmoja ambae anawafuata mpaka getini shuleni anarudi nao kwa mguu. Ni 70,000 kwa mtoto kwa mwezi, mimi wa wawili nalipa 120,000, humo kuna chakula cha mchana na uji wa saa 10. Ukichelewa kupita saa 1 usiku unaongeza 2,000 kila saa. Chakula ni cha kawaida, wali maharage, ugali dagaa, Ijumaa makande, ila wanashiba, sijawahi kurudi nao wakaniambia mama njaa.

Kilichoniteka zaidi ni homuweki. Tuisheni ya kwanza niliyompeleka mkubwa walikua wanamwandikia majibu, daftari limejaa alama za vema mtoto hajui kitu. Huyu mama hajibu hata swali moja. Mtoto akikosea anaweka kinukta cha penseli pembeni ya hesabu, anamrudisha afanye upya, na kile kinukta hafuti. Kwa hiyo mi nikifika nyumbani saa 3 nikifungua daftari naona palipomshinda mwanangu mchana kutwa nikiwa sipo. Mwezi wa 8 niliona vinukta vitatu ukurasa mmoja, vyote kwenye kugawanya kunakobakiza, Jumapili tukakaa na maharage kwenye sinia tunagawana mpaka akaelewa. Na ana upimaji wa taifa wa darasa la 4 mwaka huu, bila vile vinukta ningejulia kwenye matokeo.

Kingine ni usalama. Kuna siku nilikwama dukani nikampigia shemeji yangu akawachukue, wa damu kabisa mdogo wake na baba yao. Mama akakataa, kisa jina lake halipo kwenye daftari la wanaoruhusiwa. Shemeji akanipigia amewaka, na mimi nikampigia mama nikaongea maneno ambayo leo nayaonea aibu. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema "mwanangu, bora unikasirikie leo watoto wako wakiwa hapa kwangu." Nilifika saa 4 kasoro nikawakuta wamelala kwenye mkeka wamefunikwa kanga, nikampa shikamoo nikakosa cha kuongeza. Ukutani kwake kaandika kubwa namba 116 ya simu kwa mtoto na watoto wote wanaijua.

Mtauliza hela inatoka wapi. Mwanzoni bosi alikua anatupa 3,000 ya nauli kwa kuchelewa kutoka, tukawa tunashukuru. Dada mmoja wa duka la jirani akatuambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ni saa 45 kwa wiki, ovataimu mnakubaliana, haizidi saa 50 kwa wiki nne na inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Tukaanza kuandika saa zetu kila siku kwenye kidaftari, mwisho wa mwezi tukaenda kwa bosi wanne kwa pamoja. Alinuna wiki nzima ila akalipa, na hiyo ndo inayolipa 120,000 ya mama. Akina mama wenzangu andikeni saa zenu jamani.

Kasoro zipo. Choo ni kimoja kwa watoto wote hao na mwanangu mdogo mara mbili amerudi amejikojolea kwa kusubiri foleni, nimemwambia mama akasema anajipanga, ni mwezi wa tatu huu tangu nimwambie. Jumamosi tivii inawaka toka asubuhi, siipendi. Na likizo za mwezi wa 6 na wa 12 bei inapanda mpaka 110,000 kwa mtoto kwa vile wanashinda kutwa, hilo nimeambiwa tarehe 28 wakati mshahara nimeshaupangia, angesema mapema.

Nampa nyota 4 kati ya 5, ya tano naishikilia mpaka choo cha pili kijengwe. Januari wanajaa haraka na hazidishi watoto 14, mi nafasi zangu mbili nimeshazilipia.