Bustani mbili za wanyama na chapati mbili zilizopotea

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Amelea watoto saba na wajukuu sina hesabu yao, na kwetu hakuna mtu mzima anayempita bila kumwamkia, hata mlevi. Sasa Jumamosi ile, mbele ya wajukuu zake, kijana wa getini alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "We bibi, fungua hilo hotipoti."

Shikamoo hakuna. Karibu hakuna. We bibi!

Naandika haya wiki kadhaa zimepita na bado mkono unanitetemeka. Kwa hiyo anayetaka kujua bei na saa za kufungua aulize kwingine, mimi sina moyo huo. Majina ya bustani zenyewe sitaji, wala upande wa jiji. Wanangu wamezibatiza: moja ni ya Simba, nyingine ni ya Kobe. Yanatosha.

Ilivyoanza ni hivi. Mama alikuwa amekuja kutoka Mwanza, watoto wako likizo, na mimi na Baba Rehema tulikuwa na hela ya kutoka mara moja, si mbili. Shemeji akashauri Mikumi. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro mwaka 2024, kila mtu wa Dar amekuwa mtaalamu wa safari. Lakini kushuka Morogoro si kufika mbugani. Bado kuna barabara, bado kuna gari la kukodi, bado kuna mama asiyeweza kukaa kitako siku nzima. Na wanyama wa maonyesho ya Sabasaba tulishawajaribu mwaka mmoja: nililipa, nikasukumwa, nikaona visogo vya watu. Twaha aliona mkia wa kitu fulani na mpaka leo anabisha kuwa ulikuwa wa chui.

Basi ikabaki kuchagua zuu ya hapahapa mjini. Jirani yangu Tabata akasema nenda ile yenye simba, ile nyingine utalipa hela uangalie sungura. Nikamsikiliza. Tukakodi Noah, tukala foleni yetu, tukafika jua limeshachachamaa.

Mama ana sukari. Anakula kidogo kidogo kwa saa zake, na hapendi mzaha na hilo. Kwa hiyo nilibeba mahotipoti mawili: moja la viazi vya kuchemsha na mayai ya mama, moja la chapati kumi na mbili za watoto. Kumi na mbili. Kumbukeni hiyo namba.

"Chakula cha nje hakiingii," akasema yule kijana. "Someni bango."

Bango lipi? Tukageuka huku, tukageuka kule. Baba Rehema ndiye aliyeligundua: limepigwa misumari kwenye bawa la geti, na geti likifunguliwa linageukia ukutani. Yaani ulisome wakati kumefungwa, au uwe mjusi.

Mume wangu ni mtu mpole kuliko inavyotakiwa. Akasogea, akateremsha sauti. "Mdogo wangu, huyu ni mama, ana sukari. Hilo dogo tu mruhusu."

"Kuna mgahawa ndani, broo. Sheria ni sheria."

Sheria ni sheria! Huku anatafuna karanga. Nilitaka kusema neno, mama akanishika kiwiko. Akayaweka mahotipoti juu ya benchi la kibanda cha mlinzi yeye mwenyewe, akayafunika na khanga yake, akasema, "Basi mjukuu wangu, utanitunzia." Yule kijana hata hakuitika. Alikuwa ameshageukia simu.

Mle mgahawani kulikuwa na chipsi, kuku na soda. Kwa mgonjwa wa sukari! Hizo chipsi zenyewe walituweka muda ambao mtoto mdogo, Salma, alilala na kuamka. Mama alikunywa maji, akala kipande cha kuku, akasema ameshiba. Nalijua hilo neno lake. Ni lile alilokuwa akitwambia tulipokuwa wadogo na sufuria ina kijiko kimoja.

Kuanzia hapo sikuona mnyama, niliona hasira tupu. Twiga niliyetoka nyumbani nimemsifia watoto kwamba ndiye mnyama wetu wa taifa, nikamwona ana maringo. Fisi nikaona ananicheka. Hata pundamilia nilimtazama nikahisi kuna mtu kampiga rangi jana. Na simba, ndiye tuliyemfuata, alikuwa amelala chali chini ya mti, matumbo juu, kama mtu aliyemaliza kula pilau la harusi. Twaha akaita, "Simba, amka!" Hola. Nikasema kwa sauti, ili wahudumu wasikie, kwamba tumelipa kuja kuangalia usingizi.

Rehema, aliye darasa la tano na anayesoma kila kitu, akanirekebisha palepale. "Mama, simba analala mpaka saa ishirini kwa siku. Si kosa lao." Nikamwambia anyamaze. Kwenye haki niseme, mtoto alikuwa sahihi.

Tulipokuwa tunatoka, nikachukua mahotipoti kibandani. La mama lilikuwa zima. La chapati likanijia jepesi mkononi. Nikafungua mbele ya watu: kumi.

Mama akasema labda nilihesabu vibaya. Sikuhesabu vibaya. Nilikanda mwenyewe, nikasukuma mwenyewe, nikazipanga nne nne na karatasi katikati. Kijana yule sikumkuta, zamu ilikuwa imebadilika, na yule mpya alinitazama kama nimemwuliza habari za mwezini. Sina ushahidi. Nasema tu zilikuwa kumi na mbili.

Mngeniuliza usiku ule ningewaambia msikanyage. Ningetoa nyota sifuri kama ipo.

Wiki mbili tatu baadaye, mama anakaribia kurudi Mwanza, Baba Rehema akapata kahela kadogo, akasema twende na ile nyingine, ya sungura. Nilienda nimekunja uso tayari. Na ukweli, ukifika pale kwa macho tu utageuza gari. Ukuta umepauka, rangi ya geti imebanduka, choo sitaki kukiongelea. Simba hakuna. Chui hakuna. Kuna tausi, mbuni, mamba, tumbili, kobe wengi, na kweli, sungura.

Lakini kijana mmoja mwenye mabuti ya mvua yaliyojaa tope aliacha ndoo yake, akaja mpaka mlangoni mwa gari, akainama. "Shikamoo bibi. Karibuni sana. Benchi la kivulini liko pale, usikae hili la juani, linaunguza."

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akajibu, na mimi nikageuza uso nisionekane.

Nikatangulia kwa shari, "Tuna chakula." Akasema hakuna neno, lakini ana ombi. Akatoa daftari la shule, akaandika: vifuko viwili, chupa tatu. Mkitoka, akasema, nitavihesabu tena. Nikamwuliza kwa nini, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019? Akacheka. Mifuko ya kubebea ndiyo, akasema, hivi vya karanga na hizi chupa je? Akatupeleka kwa mbuni. Akaeleza kwamba mbuni hana meno, hatafuni, anameza na mawe ili yamsagie chakula tumboni. Kwa hiyo akiona kitu chini kinang'aa, anakidonoa. Jiwe linamsaidia. Plastiki inakaa hukohuko, haisagiki, na hakuna wa kumwambia daktari ameumwa lini. "Ndiyo maana bustani nyingine wanazuia chakula kabisa. Wageni hawasikii, wanawarushia wanyama."

Niliposikia hivyo nikakumbuka bango la ukutani. Kumbe lilikuwa na maana. Kumbe yule wa kwanza alikuwa na haki kuhusu hotipoti, akaikosa kuhusu mama. Lingemgharimu nini neno moja? "Shikamoo bibi, samahani, wanyama wanaumwa na vyakula vya wageni, nikuwekee hapa, saa yako ya kula ikifika toka uje ule." Ningempa na chapati mwenyewe! Angepata tatu!

Haya. Kobe. Sikudhani nitasimama nusu saa mbele ya kobe katika maisha haya. Salma aliuliza kama kobe akichoka anaweza kuvua gamba aliache. Kijana akamgeuza kobe mmoja mdogo taratibu, akamwonyesha. Gamba si nguo na si nyumba, ni mifupa yake mwenyewe, mbavu na uti wa mgongo vimeshikamana humo ndani. Kumvua gamba ni kama kukuvua wewe mbavu. Salma akajishika mbavu, na siku tatu nzima nyumbani alikataa kuvuliwa fulana. Akaeleza pia kwamba huyu ni kobe na yule wa baharini ni kasa, tusichanganye. Kuna watu wazima wa pwani kabisa wanachanganya, na mimi nikiwemo mpaka siku ile.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mhudumu akilifanya. Alimwuliza mama, "Bibi, umewahi kuona wanyama kwenye zuu zamani?"

Mama akawaka. Akasimulia Saanane. Kile kisiwa cha mawe pale Mwanza, mbele ya mji, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, tangu 2013, lakini mama anaijua kwa jina la mzee Saanane mwenyewe, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi yake pale kabla ya wanyama kuletwa. Akasimulia alivyovushwa kwa mtumbwi akiwa msichana, akalia njia nzima kwa kuogopa maji, kisha alipofika akaogopa simba, na wakati wa kurudi akakataa kupanda mtumbwi, akasema bora abaki na simba. Watoto walicheka mpaka tausi akakimbia. Miaka yote hii ni mama yangu, hiyo habari sikuwahi kuisikia. Ilihitaji kijana wa mabuti aulize.

Kwa hiyo Kobe imeshinda? Nilitaka iishe hapo. Nilishaanza kupanga maneno ya kuisifu ndani ya gari.

Lakini kuna yule tumbili. Yuko mmoja kwenye kibanda cha nondo, sakafu ya saruji, tairi moja linaning'inia. Alikuwa anayumba. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, macho hayamtazami mtu. Rehema akamtazama muda mrefu, akauliza, "Mama, tumbili si wanaishi kundi? Huyu mwenzake yuko wapi?" Nikamtazama yule kijana mwema. Akaokota ndoo yake. Hakuwa na jibu, au alikuwa nalo na si lake kulisema. Na bwawa la mamba lilikuwa la kijani kibichi, maji ya magotini. Mamba mwenyewe alikuwa kaachama mdomo, Salma akafurahi kwamba anacheka. Hachekei kitu, anapunguza joto tu, ndivyo mamba wafanyavyo. Sikumwambia.

Kule kwa Simba, nikikumbuka bila hasira, nyuma ya wavu kulikuwa na miti, kulikuwa na nafasi, pundamilia walikuwa wanakimbizana. Ningekuwa mnyama ningechagua kule. Mimi si mnyama, ni mtoto wa mama yangu, ndiyo shida.

Na kuna jambo nililiruka makusudi. Siku ile ya Simba, tukiwa tayari tunaelekea nje, mimi nimenuna, yule mlala chali aliamka. Hatukumwona. Tulimsikia. Sauti haikuingia masikioni, iliingia tumboni, na chini ya miguu. Salma alinipanda kama mnazi. Twaha akanyamaza, mtoto asiyenyamaza hata msikitini. Mama, aliyekuwa na njaa yake na kudharauliwa kwake, akasimama, akashika kifua, akacheka kicheko cha msichana. Sasa najua alikuwa amerudi Saanane.

Kwa hiyo mkiniuliza: mwenye mzee, aende Kobe, na akifika yule mwenye mabuti ampe salamu zetu, halafu uongozi ule aubane kuhusu tumbili. Mwenye watoto tu, Simba, kuleni mshibe nyumbani. Hapana, ngoja, kwa nini niwapelekee wateja watu wasiojua kuamkia? Nendeni Kobe wote. Lakini yule tumbili...

Twaha anatimiza miaka minane mwezi ujao na amesema hataki keki, anataka Simba. Baba yake ameshakubali bila kuniuliza. Jana nikampigia mama Mwanza kumlalamikia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikienda nifunge chapati mbili kwenye karatasi, nimpelekee yule kijana wa getini, nimwambie zimetoka kwa bibi.

Nimekataa. Labda moja.