Miaka minne ya optometria: nilichopata, na nyota moja niliyoinyima

Kozi hii naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nitaeleza ilipopotelea. Naandika kwa ajili ya vijana waliomaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), wakaomba udaktari, alama zikapungua kidogo, na sasa wanaliona neno optometria kwenye orodha ya kozi bila kujua ni kitu gani. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Chuo nilichosoma sikitaji, kwa sababu mengi nitakayoyalalamikia nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma kwingine, na si haki mzigo wote kubebeshwa chuo kimoja.

Siku majibu yalipotoka shangazi yangu aliuliza, "Miaka minne yote unasomea miwani?" Sikuwa na jibu. Leo ningemwambia hivi: anayepasua mtoto wa jicho kwa kawaida ni daktari bingwa, huyo alisomea udaktari kwanza. Anayekata lenzi na kuzipachika kwenye fremu ni fundi wa miwani. Sisi tuko katikati. Tunapima uoni, tunaandika miwani, tunalichunguza jicho kuanzia mbele hadi nyuma kabisa, na tunapaswa kujua ugonjwa upi ni wa kwetu na upi ni wa kumkabidhi bingwa leo leo. Hapa Tanzania kazi hii ina baraza lake, na wengi wa waliotutangulia waliipata kwa stashahada pale hospitali ya KCMC, Moshi. Shahada katika ukanda wetu si ya zamani sana. Makerere, kwa mfano, walianza kuitoa mwaka 2014.

Mwaka wa kwanza sitauzungumzia sana. Anatomia, fiziolojia, baiokemia, ukumbi uliojaa, na wanafunzi wa udaktari wanaokutazama kama mgeni aliyepotea njia. Inapita. Kinachowatoa watu ni fizikia ya mwanga. Wengi wetu tulidhani ile sura ya lenzi ya kidato cha sita inatosha, kumbe ule ulikuwa utangulizi tu. Unahesabu mwanga unavyojikunja katika kila tabaka, alama ya kutoa ikikaa mahali pasipo pake jibu zima linageuka. Ila mwisho wake ni mtamu. Nakumbuka jioni niliyopiga hesabu mwenyewe nikaona kwamba jicho zima lina nguvu ya dayopta 60 hivi (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi), na kama 43 kati ya hizo zinatoka kwenye konea, ngozi ile angavu ya mbele yenye unene wa nusu milimita tu. Nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba kazi kubwa inafanywa na lenzi ya ndani. Ikiwa fizikia uliipita kwa kukariri, jipange mapema.

Mwaka wa pili ndipo nilipoipenda kozi, na sababu ni kifaa kimoja: retinoskopu. Unakaa gizani, sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, unamulika mboni yake kwa mwali mwembamba na kuuyumbisha taratibu. Ndani ya mboni unaona mng'ao mwekundu. Mng'ao ukifuata mwali, unaweka lenzi chanya. Ukienda kinyume, unaweka lenzi hasi. Unaendelea mpaka mboni yote iwake kwa mara moja bila kusogea popote. Kisha unatoa dayopta 1.50 kwa sababu ya ule umbali uliokaa. Kwa njia hii unaweza kumpima mtoto mchanga, bubu, au mtu ambaye lugha yake hujui hata salamu, maana jicho lenyewe linakujibu. Tulikuwa tunafunga fundo kwenye uzi ili umbali usitudanganye. Wiki za mwanzo nilikuwa nikisahau ile 1.50, na mwenzangu niliyempima akawa anaiona mbali yote ni chenga.

Watu watakuambia siku hizi kuna mashine. Ni kweli, kila duka limeandika "tunapima macho kwa kompyuta". Mashine inasaidia, siibezi. Lakini mtoto akichungulia mle ndani hukaza macho kama anayesoma kitu cha karibu, na mashine inatoa namba ya upungufu wa kuona mbali asio nao. Ndiyo maana watoto tunawatia kwanza dawa ya matone inayolegeza msuli wa jicho, halafu tunarudi kwenye retinoskopu. Nimekutana na watoto waliovalishwa miwani ya hasi kwa namba ya mashine tu, wakateseka na kichwa muhula mzima.

Sasa nyota iliyopotea. Hakuna aliyetufundisha kuuliza kwa Kiswahili. Vitabu ni vya Kiingereza, mihadhara ya Kiingereza, hata mtihani wa vitendo msimamizi anataka usikike Kiingereza. Halafu unaletewa babu wa miaka sabini na kitu, na dalili zake hazimo kitabuni kwa maneno anayoyatumia. Anasema anaona chenga. Mwingine anaona ukungu, mwingine maruweruwe, mwingine anaona vitu viwili viwili, mwingine vinzi vinaruka mbele yake. Kila neno lina uzito wake, na ilinibidi niyajifunze moja moja kwa wagonjwa wenyewe. Chenga mara nyingi huishia kwenye miwani. Ukungu unaozidi polepole kwa mzee unanifanya nitafute mtoto wa jicho. Lakini vinzi vilivyoanza ghafla, vikaja na vimulimuli pembeni, huyo miwani ataisubiri. Lazima retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, iangaliwe siku hiyo hiyo.

Shida kubwa zaidi iko kwenye swali ambalo ndilo moyo wa kupima miwani: ipi afadhali, hii au hii? Nilikuwa mwaka wa tatu, tumekwenda huduma za mkoba kwenye zahanati ya kijijini. Babu mmoja nilimwamkia, akaitikia marahaba vizuri, akakaa. Nikaanza kugeuza lenzi. "Babu, ya kwanza au ya pili?" "Zote sawa tu, mjukuu wangu." Nikageuza tena. "Zote sawa." Kila nilichomwonyesha kilikuwa sawa. Niliandika namba niliyoikisia na kumwita anayefuata.

Sista aliyekuwa akituandikia majina, mama wa makamo aliyefanya kazi ya macho miaka mingi bila shahada yoyote, alinivuta pembeni. "Mwanangu, huyo mzee hakuwa anakujibu. Alikuwa anakustahi. Anaona kijana umehangaika, hataki kukukatisha tamaa." Kisha akanionyesha anavyofanya yeye. Kabla ya kugusa lenzi alimwambia mzee: nitakuonyesha mbili, na zote mbili zinaweza kuwa na ukungu, si kosa lako. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Ukiniambia mbaya, umenisaidia.

Nililofikiria usiku ule ni kwamba "zote sawa" si jibu baya. Tunapotafuta pembe ya silinda, yaani lenzi ya kurekebisha jicho lisilokunja mwanga sawasawa pande zote, kwa ile lenzi ndogo ya Jackson yenye mpini, tunageuza huku na huku mpaka mgonjwa aone pande zote mbili zimelingana, na hapo ndipo tunajua tumefika. Yaani jibu sahihi na jibu la adabu ni maneno yale yale. Kuyatenganisha ndiyo kazi. Siku hizi mtu akiniambia zimelingana mapema mno, naizungusha silinda kwa makusudi digrii 20 au 30 nje ya mahali pake, nauliza tena. Kama kweli anaona, atalalamika. Kama bado ni sawa tu, najua ananistahi, au jicho lake haliwezi kutofautisha, na hapo naegemea retinoskopu. Jambo hili ningependa lifundishwe darasani kwa saa nzima, kwa Kiswahili, na mzee halisi akiwa kwenye kiti.

Vilevile ile chati ya ukutani. Herman Snellen aliitengeneza mwaka 1862 kule Uholanzi, kwa herufi za huko. Nyumbani Tanga nimewapima bibi waliohitimu Kurani tangu utotoni lakini hawasomi herufi za Kizungu. Ukimwandika kwamba hajui kusoma umemkosea heshima, na umekosea pia kipimo. Tunatumia chati ya E inayogeuzwa pande nne, yeye anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Mwalimu mmoja wa madrasa aliletewa miwani ya kusomea iliyopimwa kwa sentimita 40, akaikataa. Nilipomwomba akae kama anavyokaa, msahafu kwenye marufaa, nikapima, ulikuwa sentimita 50. Nikampunguzia nusu dayopta. Alisoma aya mbili pale pale, taratibu, na chumba kizima kikanyamaza.

Kwa uzoefu wangu, wanaofurahi kuliko wote ni hawa wa arobaini na kuendelea. Fundi cherehani ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akimwita mtoto amtungie uzi, unamwekea miwani ya dayopta 1.50, anatunga mwenyewe. Dakika kumi. Hakuna kitu katika masomo yangu kilichonipa furaha ya namna hiyo.

Mwaka wa tatu na wa nne ni magonjwa, dawa, watoto, lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe, na uoni hafifu, yaani ule ambao hata miwani ya kawaida haiurekebishi. Somo la uoni hafifu lisomeni kwa makini, kwetu lina watu wengi. Mtoto mwenye ualbino darasani anahitaji kiti cha mbele, miwani yenye rangi, kofia, na kikuzio cha kusomea. Haya yote ni ya kwetu kuyapanga na mwalimu wake. Kwenye presha ya macho jifunze kuangalia mshipa wa fahamu wa jicho, usitegemee namba pekee. Kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo walio na 16 na macho yao yanakufa kimyakimya.

Karakana ya miwani wengi waliidharau, nami pia. Nikalipia. Mama mmoja mwenye namba ya 6 nilimpima vibaya umbali kati ya mboni, nikahama milimita tano. Milimita tano kwa dayopta 6 ni prizimu 3, yaani lenzi inaupinda mwanga upande, macho yanavutana siku nzima. Alirudi baada ya wiki, amefunga kitambaa kichwani kwa maumivu, na bado akaniambia pole na kazi. Nilimtengenezea nyingine kwa pesa yangu. Tangu hapo napima mara mbili, kila mtu.

Gharama: ada ni kama kozi nyingine za afya, lakini retinoskopu na ofthalmoskopu (ya kuchungulia nyuma ya jicho) utatakiwa uwe na vyako, na ni vya nje. Tulikuwa na vifaa vya chuo vinne kwa darasa zima, foleni mpaka usiku. Anza kuweka akiba mwaka wa kwanza, au nunueni wawili wawili. Na balbu ya akiba, tafadhali.

Kazi zipo, zaidi mijini. Duka langu la kwanza sikudumu. Bosi alitaka kila aliyeingia atoke na miwani, hata mwenye robo dayopta asiyelalamika chochote. Hospitali ya wilaya inalipa kidogo kuliko duka, nami nilikwenda huko, na sijajuta.

Ukitaka kuomba, kwanza nenda ukakae asubuhi moja kliniki ya macho, uone foleni. Kisha kiulize chuo mambo matatu: wanafunzi wangapi kwa retinoskopu moja, nani anasimama nyuma yenu mnapopima, na kila mmoja hupima wagonjwa wangapi kabla ya kuhitimu. Wakishindwa kukupa namba kwenye hilo la tatu, omba kwingine.